Tahiya Amour Hakuikimbia Timu Yake

Mwaka umetimia leo, Tahiya, tangu tukulaze makaburini Mwanakwerekwe. Kaka yako Jaku alitaka tangazo hili liwe la upole. Tumemkatalia.

Uliporudi kutoka Sweden na jozi kumi na mbili za viatu vya magurudumu, tulikucheka. Ulisema utawafundisha mabinti wa Unguja bandy, ule mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu, na sisi hapa barafu tunaijua kwenye juisi tu. Ukapata ghala tupu la karafuu, ukalifagia mwenyewe, na kila jioni wasichana wakateleza humo na magongo yao, mitandio imefungwa barabara. Ulinunua mapande ya barafu ya wavuvi ukawasimamisha juu yake wazoee baridi. Aliyeanguka ulimkanda kwa mafuta ya nazi, ukamgombeza, kisha ukamlisha. Firimbi hukuivua shingoni hata ukiwa jikoni.

Kwa miaka sita hukupumzika, mpaka timu ikaalikwa kwenye mashindano ya dunia ya wanawake.

Hapo ndipo Msabah Duni, katibu wa timu, na jina lake tumelitaja kwa makusudi, alipowaandikia waandaaji kuwa wewe ni mgonjwa, hutoweza kusafiri. Nafasi ya kocha akampa shemeji yake, ambaye hakupata kushika gongo maishani. Wewe ulikwenda uwanja wa ndege na begi lako, ukakuta timu imeshaingia ndani, ukaambiwa jina lako halimo. Timu ikafungwa mechi zote. Aliporudi, Msabah akasema redioni kwamba kocha aliwakimbia mabinti dakika ya mwisho.

Tunajua kilichokuumiza zaidi ni wale wasichana kukupita njiani bila salamu, kwa kuwa walimwamini. Ulisema tu kwamba Mungu anajua, ukaendelea kukuna nazi. Miezi mitano baadaye presha ikakuchukua.

Siku ya pili ya matanga nahodha wako, Mardhiya, alikuja analia. Waandaaji walikuwa wamemtumia rambirambi, wakidhani umekufa kwa ugonjwa ule, pamoja na barua ile ya Msabah inayosema unaumwa. Siku ya tatu Msabah mwenyewe akabisha hodi. Alimwamkia mama, akakaa ukingoni mwa mkeka, akaomba tumsamehe yaishe, mambo yabaki humu humu ndani.

Mama alimjibu taratibu: "Mwanangu ulimtangaza redioni, leo waja kumuomba radhi chumbani kwangu? Mie sina radhi ya kukupa, Msabah. Mwenyewe nshamzika."

Tangu hapo ametuma wazee mara tatu. Chai tumewapa, jibu hatukuwapa.

Utuwie radhi sisi, Tahiya, maana wewe ungemsamehe. Sisi hatuna moyo wako, na kwa hili hatuutaki. Barua yake tumeichapisha chini ya picha yako, na saini yake inaonekana vizuri. Leo baada ya Alasiri tunakusomea hitma nyumbani, na mabinti wote wanakuja.

Wanaokukumbuka ni mama yako Bi Mwanakheri, kaka yako Jaku, dada yako Shemsa aliyeandika haya, binti yako Riyama, na timu yako nzima.

Wewe tutakukumbuka daima. Msabah tutamkumbusha kila mwaka, hapa hapa gazetini, mpaka siku atakaporudi redioni akasema kweli.