Springi Roli Zilizopigwa Bandi

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Mgongo vipi, umeacha kukusumbua? Na shemeji, bado anakoroma hadi majirani wanabisha hodi? Mimi ni mzima, ila nina furaha hadi leo sijagusa cherehani hata kidogo, kwa hiyo uvumilie mwandiko.

Yule shangazi alikuja jana! Si unajua mchumba wangu, mwalimu wa chekechea, amelelewa na shangazi yake, na bila huyo mama kukubali hakuna ndoa. Basi kimbelembele changu kikanifanya nijigambe kwake kwamba hakuna anayenishinda kupika springi roli za nyama. Akajibu kwamba vizuri, Jumamosi atakuja kuzila, na akaongeza kwamba hana binti wa kumpa mtu mwongo. Ndiyo maana nilikuandikia mbio mbio kuomba maelezo.

Barua yako niliibandika ukutani karibu na jiko. Nikakaanga kima na vitunguu, karoti na pilipili hoho, mpaka maji yote yakakauka. Wee dada, harufu hiyo! Fundi viatu wa chumba cha pili alipita mlangoni mara tatu akijifanya anatafuta paka. Manda za kufungia nilizitengeneza kwa kupaka rojo la unga kwenye kikaango kwa brashi, nyembamba hata ukiishika moja unaona kiganja.

Sasa hapo ndipo nilipoharibu. Uliandika kwa herufi kubwa, ukapigia na mstari, kwamba kima kipoe kabisa kabla ya kukunja. Sikungoja. Nilijaza kima cha moto, manda zikalowa, na ule uji wa unga wa kugandishia ukawa unateleza tu. Nikikunja hii, ile inafunguka. Jasho lilinitoka mpaka kisogoni, na shangazi alikuwa njiani.

Dada, acha nikiri. Nilichukua sindano na uzi mweupe wa pamba, nikazipiga bandi. Zote ishirini na nne! Kama pindo la suruali. Nikazikaanga, zikaiva vizuri, hakuna iliyopasuka, kisha nikazifumua moja moja na kuzipanga kwenye sahani huku najiona bingwa.

Kumbe nilifumua ishirini na tatu.

Shangazi alikula ya kwanza. Akala ya pili, akachukua ya tatu. Akatafuna kidogo, akaacha, akaanza kuvuta kitu mdomoni. Akavuta, akavuta, uzi hauishi! Mchumba wangu macho yamemtoka, mimi natamani ardhi inimeze. Nikasema yote bila kupumua: kwamba sijawahi kuzipika maishani mwangu, kwamba maelezo ni ya dada yangu, na kwamba nilizishona kwa kuogopa kumkosa binti yake.

Alinitazama weee! Halafu akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema mwongo angemsingizia muuza nyama, na kwamba mtu anayeshona hata chakula kisifumuke, hataacha nyumba yake ifumuke. Amekubali, dada! Amekubali!

Uzi ameuviringa kwenye leso, ameondoka nao. Anasema atauonyesha siku ya harusi, mbele ya watu wote. Kwa hiyo jiandae. Jikoni utasimama wewe, mimi nimepigwa marufuku kuingia na sindano.

Wabusu watoto, na umwambie shemeji alale ubavu.

Mdogo wako akupendaye,
Fundi