Kaka Masanja Anajifunza Kuniinua

Michenga, Jumanne. Jua limewaka tangu asubuhi, lakini upepo wa Juni una ubaridi na unaleta harufu ya mabua ya mpunga. Watu wanavuna. Nawasikia wakiitana mashambani, nami niko kitandani kwangu, chumbani kwangu, dirisha langu liko wazi. Leo nimeyarudia sana maneno hayo. Kwangu. Langu. Mnivumilie tu.

Nina furaha mpaka sijui nianzie wapi.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: naitwa Kabula. Miguu yangu haifanyi kazi tangu nilipoanguka kutoka juu ya trela la mpunga, miaka ya nyuma, msimu wa mavuno kama huu. Naishi na mama yangu mzazi. Kaka yangu Masanja anaishi na familia yake ng'ambo ya uwanja, karibu na zizi la ng'ombe. Nimeweza kuishi nyumbani muda wote huo kwa sababu ya watu wanaokuja kunihudumia hapa hapa. Dada Asteria, mhudumu wa afya wa jamii, alikuwa anakuja na baiskeli yake kutoka Lumemo, anakagua ngozi yangu, ananifanyisha mazoezi ya mikono. Mama Zuhura, jirani yetu mwenye duka, alikuwa anamsaidia Mama kuniogesha. Mimi nikishaketi kwenye kiti changu cha magurudumu, nasuka nywele za wanawake wa mtaa mzima. Maisha yalikuwa yanakwenda.

Masika haya maji yalikata barabara. Asteria hakuweza kufika. Mama akashikwa na mgongo, akawa hawezi kunigeuza inavyotakiwa, na mimi nilimwonea huruma, nikawa namwambia niko sawa. Mtu asiyehisi kitu chini ya kiuno hajui ngozi yake inavyoharibika. Homa iliponipanda, kidonda kwenye nyonga kilikuwa kimeshachimba ndani. Masanja akafunga ng'ombe, akanilaza kwenye mkokoteni, tukapita kwenye maji kwenda mjini. Safari ile siikumbuki. Nakumbuka kuzinduka hospitalini, na dripu mkononi.

Kutoka hospitali nikahamishiwa kituo cha uangalizi pale pale Ifakara, kwa muda, mpaka kidonda kifunge na barabara ikauke.

Kituo kile sitakisema vibaya. Wauguzi walinigeuza mchana na usiku bila kununa, na kidonda changu kilifunga mikononi mwao. Nitawaombea mema maisha yangu yote. Ila kule nilikuwa mgonjwa, basi. Taa ilizimwa wakati wa kuzimwa taa, uji uliletwa wakati wa uji. Hakuna aliyeniuliza mboga iongezwe chumvi au la. Hakuna aliyekuja na kitana akaniambia, Kabula, nisuke, nina harusi Jumamosi. Mikono yangu ilikaa bure mpaka ikaanza kulegea.

Na kuna siku Masanja alikuja kunitazama, akamwambia muuguzi mbele yangu, "Kama nafasi ipo, bora abaki hapa hapa."

Niligeuza uso ukutani mpaka akaondoka.

Nilibaki na maneno hayo wiki nzima na zaidi. Nililala nayo. Nilijiambia, kumbe ndivyo. Kumbe miaka yote kaka yangu anaposimama mlangoni, akanisalimia, akaacha maziwa na kuondoka bila kuingia, ni kwa sababu nimekuwa mzigo anaoona aibu kuutazama.

Siku ya kuruhusiwa, muuguzi alitueleza vizuri. Huduma ya nyumbani ilisimama nilipolazwa, na haianzi tena yenyewe. Lazima Asteria aje aone hali ilivyo, akae na familia, wakubaliane nani atafanya nini. Akikuta Mama yuko peke yake na mgongo ule, itabidi nirudi kituoni, pengine nikae moja kwa moja.

Leo ndiyo amekuja.

Nilimsikia kabla sijamwona. "Mwangaluka, Mama!" Asteria ni Mpogoro, na hilo ndilo neno pekee la Kisukuma chetu analolijua, analisema hata saa kumi jioni, wakati ni salamu ya asubuhi. Mama alicheka. Sikuwa nimemsikia Mama akicheka tangu nirudi.

Alinawa, akanigeuza, akaangalia nyonga kwa muda mrefu. Akasema ngozi imefunga vizuri, sasa kazi ni kuilinda. Halafu akaniambia nihamie kwenye kiti, kama nilivyokuwa nafanya zamani, kwa kuusogeza mwili juu ya ubao laini unaounganisha kitanda na kiti. Nikaegemea mikono. Ikatetemeka. Nikajaribu tena, nikaanguka chali kwenye godoro kama mtoto.

Nililia. Sitaki kujifanya hapa kwamba sikulia.

"Mikono imelala tu, itaamka," Asteria akasema. "Ila mpaka iamke, anatakiwa mtu mwenye nguvu, asubuhi na jioni."

"Mimi nipo," Mama akasema.

"Mama, nakuheshimu sana. Lakini nimekuona ulivyoinuka kwenye kigoda."

Mama akainama, hakubisha. Masanja alikuwa amesimama pale pale mlangoni, kofia mkononi. Nikaona kama ni kusikia, basi nisikie leo, mbele ya watu.

"Kaka, sema tu. Unataka nirudi kituoni?"

Kaka yangu si mtu wa maneno. Ng'ombe anawaongelesha kuliko watu. Alipoanza kusema alikuwa anaangalia sakafu.

"Siku ile kwenye maji ulinyamaza. Nikakuita, hukuitika. Nikakuita tena. Nikaendelea kuswaga ng'ombe nikijua nimebeba maiti ya mdogo wangu."

Mama akaziba mdomo kwa khanga. Hata yeye alikuwa hajui.

"Halafu nikaja kule kituoni nikakukuta umekaa unakunywa uji. Nikasema, hawa wanajua kumweka hai. Mimi sijui. Mimi hata kukushika naogopa, Kabula. Naona kama nitakuvunja."

Nilimtazama yule mwanamume mkubwa mwenye mikono iliyochanika kwa kamba, nikaona kwamba miaka yote pale mlangoni alikuwa ameshikwa na woga. Woga mtupu.

Na mimi nilikuwa nauita aibu.

Asteria hakutoa hotuba. Alimwambia, "Kaka Masanja, weka kofia chini uje hapa. Ndama akikwama tumboni mwa ng'ombe, unamvuta kwa mikono ipi?"

"Hii hii."

"Basi lete hiyo hiyo."

Akanifunga kitenge kiunoni, akakikaza kiwe cha kushikia. Akamwonyesha pa kuweka miguu, namna ya kukunja magoti ili mgongo usiumie, namna ya kunivuta nimwegemee kifuani halafu tuzunguke pamoja. Mara ya kwanza alinishika kama mtu aliyebeba mayai. Sikusogea hata kidogo. Mara ya pili alinyanyua kwa nguvu zake zote, nikapaa, kiti kikakimbia nyuma, tukaishia kurudi kitandani wote wawili.

"Taratibu! Huyo si gunia la pumba!" Ilikuwa sauti ya Mama Zuhura, aliyekuwa ameshaingia na kusimama nyuma ya Mama. Nilicheka mpaka machozi yakarudi. Masanja naye akacheka, na mwili wake ukalegea.

Safari iliyofuata nilikaa.

Alipiga magoti mbele yangu kuniweka miguu sawa, jasho likimtoka. Macho yetu yakawa usawa mmoja. Sijui mara ya mwisho ilikuwa lini.

"Umekaa vizuri?"

"Nimekaa, kaka."

Baada ya hapo mazungumzo yalikuwa mepesi. Asubuhi Mama Zuhura atakuja kuniogesha, na Mama atashika kazi ndogo ndogo tu. Masanja ataniweka kwenye kiti kabla ya kuwatoa ng'ombe, na jioni atanirudisha kitandani, mpaka mikono yangu irudi. Mkewe atanigeuza usiku. Asteria ataendelea na ratiba yake kama zamani. Na masika yakikaribia hatutasubiri maji yatufungie. Ikibidi nitakwenda mjini mapema, kwa muda, nikiwa mzima, nirudi nikiwa mzima. Sioni tena kwamba hiyo ni adhabu.

Na mimi nimepewa kazi. Kusema. Nikikaa sana upande mmoja, niseme. Nisimhurumie mtu kwa kujinyamazia. Inaonekana kazi rahisi, lakini kwangu ndiyo ngumu kuliko mazoezi ya mikono.

Mchana walinisukuma hadi barazani. Haikupita muda akaja mke wa fundi baiskeli, akakaa kwenye mkeka mbele yangu, akafungua kilemba. Vidole vyangu vilikuwa vizito, mistari haikunyooka sana, na nilipumzika katikati. Hakulalamika. Alinipa habari zote za kijiji zilizonipita, nani kaoa, nani kagombana na nani kuhusu mpaka wa shamba. Nilihisi nimerudi kweli.

Jioni Masanja alirudi na ng'ombe, akanawa mikono kwa sabuni, akanawa tena. Asteria alikuwa ameshaondoka. Hakukuwa na wa kumsimamia. Alikunja magoti, akashika kitenge, akavuta pumzi. Tukazunguka pamoja. Nikafika kitandani salama, na yeye akabaki amesimama chumbani, hana haraka ya kuondoka, akaniuliza kama nataka maziwa sasa au baadaye.

Ninapoandika haya, Mama yuko chumba cha pili, anakunja nguo na kuzipanga kwenye mfuko. Ana mdogo wake anayeishi kule Kiberege, ambaye hajaenda kumtembelea tangu nilipoanguka, kwa kuwa hakuwa na mtu wa kubaki nami. Muda mfupi uliopita alichungulia, akauliza kwa sauti ya mtu anayeomba ruhusa ya kitu kikubwa, "Nikienda kulala huko siku mbili tu, utakuwa salama?"

Nimemwambia akae hata wiki.

Nimemwambia ninao watu.