Kitufe cha "Lobi"

Yaya Feza, dada yangu,

Salamu kutoka Kisangani, ambako joto linagombana nami kuliko wewe. Lakini leo napumua. Unajua nilikuja kuongoza timu mbili, moja ya mtaa wa Mangobo na nyingine ya mtaa wa Tshopo, zinazochora programu moja ya simu kwa abiria wa mashua. Kila timu ilichora yake, na tajiri wetu aliapa kufunga kazi leo asipoona mchoro mmoja. Asubuhi nzima niliwafokea kuhusu maono ya pamoja. Wapi!

Mchana tukila lituma, zile ndizi za kutwanga, na samaki, Mama Béa wa Tshopo akalipuka: "Mutu anabonyeza 'Lobi' juu ajue mashua ya kuondoka! Nyinyi munamuonyesha safari yenye alishamaliza! Iko musafiri ao iko mwanahistoria?"

Patrick wa Mangobo akaacha kutafuna. "Lobi si iko jana, Mama?"

"Iko kesho!"

Kilingala changu unakijua, ni cha kubahatisha. Nikauliza neno hilo lina maana ipi hasa. Wakatazamana.

"Bon, iko zote mbili, tonton," akasema Patrick polepole, na meza nzima ikaangua kicheko.

Nilikuwa na hotuba nyingine tayari. Nikaimeza pamoja na samaki. Kabla ya kunawa mikono walishakubaliana: abiria anataka kwanza kujua kama kesho anaondoka, mengine yafuate. Tajiri ameuona mchoro mmoja na amekubali. Hakuna aliyepoteza kazi.

Nikumbatilie watoto. Nawe acha kuniombea upole, Yaya, niombee masikio.

Mdogo wako,
Déo