Suruali ya Landry

Asiya, uko? Raihana fundi wa nguo amelipiza! Mbele ya watu wote!

Unakumbuka Landry wa bar alivyojitapa hapa Bwiza: «Umeme ya serikali ni uongo, groupe yangu, jenereta ya mazout, ndio haidanganyi»? Akamuvutia Raihana waya toka groupe yake, halafu akaikata akiwa katikati ya kushona robe ya harusi. «Délestage, mama, umeme ni ya zamu. Frigo za bia kwanza.»

Frigo za bia kwanza!! Neno hilo Raihana alilimeza, lakini hakulisahau.

Leo vita imefunga barabara, mazout, mafuta ya groupe, hakuna mji muzima, na Landry anaoa. Amekuja mbio na suruali inafagia chini, apunguziwe. Raihana akakanyaga mashini yake ya zamani ya miguu, isiyoomba umeme, akamaliza mguu moja, akamurudishia.

«Na ule mwingine?»

«Délestage, baba.»