Miezi Ndani ya Wino

Chiang Rai, Jumanne

Wifi Saengla,

Mtoto kaota jino la pili, ananing'ata, namsamehe.

Uliniagiza nimtoe mume wangu, mdogo wako, hospitali, eti kichwa kinamuuma kwa sababu roho yake imetangatanga, muiite irudi kwa kumfunga uzi mkononi. Leo mpimaji wa maabara alichanganya maji ya uti wake wa mgongo na tone la wino mweusi. "Dada, hebu chungulia kwenye hadubini."

Wifi, niliona miezi midogo gizani, kila mmoja na duara lake la nuru.

"Mbona mizuri!"

"Mizuri, lakini ndiyo inayomuua. Ni kuvu, huwapata wenye UKIMWI. Tumeijua, dawa ipo."

Nyumbani haji. Uzi ulete, tumfungie hapahapa kitandani. Kesho tunapimwa mimi na mtoto. Lete nyuzi tatu.

Wifi yako akupendaye,
Buaphan