Vidole vya Mama Mwajuma

Mama, shikamoo kutoka Kinole, huku ukungu unaingia mpaka jikoni bila kupiga hodi.

Kinyonga tuliyemfuata na kamera yetu amegoma kula, asubuhi nzima katukodolea jicho moja tu. Mvua ilipoanza tukakimbilia jikoni kwa mwenyeji wetu, Mama Mwajuma, aliyekuwa anapika chapati. Kamera hii inapiga picha elfu moja kwa sekunde moja, halafu inakuonyesha kila kitu taratibu kabisa. Inataka mwanga mwingi, kwa hiyo tukawasha taa kali, jogoo akawika upya.

Mama Mwajuma hageuzi chapati kwa mwiko. Anatumia vidole vitupu, kama wewe. Nikamuuliza kama haungui.

"Wala! Mikono imeshazoea hii." Maneno yako yale yale.

Tukamwonyesha picha tulizompiga akigeuza. Kidole kinagusa kikaango, kinaruka, macho yanajifumba, uso wote unajikunja kwa maumivu, kisha tabasamu linarudi mahali pake. Sisi tuliokuwa tumekaa mbele yake hatukuona kitu. Alicheka mpaka akakaa chini, akaifunika skrini kwa kanga.

"Futeni hiyo, wanangu wasije wakaiona."

Chapati nimekula nne, na chai ya mdalasini wa hapa hapa. Ya tano ilinishinda, nikakukumbuka wewe na zile asubuhi zote nilizokuwa nadai nyingine kabla sijamaliza ya mkononi.

Jumapili nafika, Mungu akipenda. Unga ukande wewe, kugeuza niachie mimi.

Mwanao akupendaye,
Rehema