Matairi ya Krimu ya Shemeji

Dukani kwetu,
Jumapili asubuhi.

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kifua kilichokuwa kikikusumbua tangu wakuhamishie chumba cha boila kimetulia. Mwezi uliopita Mama aliniuliza kama unaivaa ile fulana nzito aliyokutumia. Nilimwambia unaivaa kila siku. Akikuuliza mwenyewe, tafadhali usiniangushe.

Sisi huku tupo. Goti la Mama linauma likijisikia, na likipenda linanyamaza wiki nzima. Paa la duka nimelitengeneza, lile tundu lililokuwa likinidondoshea maji kwenye kisogo limezibwa. Kazi zipo za kutosha. Kila mtu siku hizi anataka baiskeli ya mtindo wa zamani, hata wale waliokuwa wakizicheka za wazee wao.

Utashangaa kwa nini naandika na simu ninayo mfukoni. Kwenye simu mimi ni mwongo. Unanijua tangu utoto, mtu akiniuliza kitu ghafla, jibu la kumpendeza ndilo linalotangulia, akili yangu inafika baadaye ikihema. Kwenye karatasi naweza kukata mstari nikaanza upya. Hii unayoisoma ni ya nne, tatu zimeishia kwenye pipa la taka pamoja na tyubu mbovu.

Ulituagiza tusikutajie tena habari za Shemeji. Leo nitamtaja. Najua si shemeji yangu tena, lakini jina jingine mdomoni halinikai, na cherehani yake iko mtaa wa pili tu kutoka hapa, kwa hiyo nakutana naye kila siku iendayo kwa Mungu. Naanzia mbali, univumilie, maana nikianzia karibu nitaruka kitu.

Wiki tatu kabla hujaondoka uliniletea ile baiskeli ya kike, kuukuu, fremu imeliwa na kutu, ukaniambia unataka mchumba wako akipita watu wageuke. Niliikwangua kwa msasa siku nne. Nikaipaka kijani kilichokolea, nikaitafutia kiti cha ngozi chenye springi na kengele ya shaba. Yakabaki matairi. Meusi uliyakataa katakata. Nikakueleza kwamba yupo mwagizaji mmoja anayeleta ya krimu, mtindo wa kizamani, kama ya ile baiskeli ya babu kwenye picha ya sebuleni. Uso wako ulichanua. Ukataka kujua kama kuna mwingine mjini aliye nayo, nikasema hakuna. Ukanitaka niape kwamba hata baadaye hatakuwepo. Nikaapa, mkono juu ya kile kiti cha ngozi kama shahidi mahakamani, tukacheka wote wawili. Lakini niliapa.

Hukupata muda wa kumwona akiyatunza. Tairi la krimu ni kazi, Kaka. Halifichi vumbi wala tope. Nilimfundisha kuyasugua kwa kitambaa laini na sabuni ya kipande, na nikamwonya asiguse petroli, maana inakula rangi na kukausha mpira. Kila Jumamosi alikuwa mlangoni kwake na ndoo na kigoda, anasugua. Wapita njia walimtania kwamba anamwogesha mume, naye anawajibu kwamba huyu angalau hakwenda mbali. Mji mzima uliijua ile baiskeli. Ukiyaona matairi, basi yeye yupo humo ndani. Ndivyo ulivyotaka iwe, na ndicho kilichomponza.

Ile Jumanne uliponipigia simu nilikuwa nimeshika gurudumu, nanyoosha spoki. Ukaniambia rafiki yako wa benki amekupa habari kwamba baiskeli ya matairi ya krimu inaegeshwa nyumbani kwa yule mpiga picha wa karibu na benki kila alasiri, saa kumi, kwa muda wa kama nusu saa, na hiyo ilikuwa wiki ya sita. Sauti yako ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia hivyo. Uliniuliza swali moja tu, kama kuna baiskeli nyingine mjini yenye matairi yale. Nikakwambia hakuna, na nikakukumbusha kiapo. Ukasema asante mdogo wangu, ukakata. Asante hiyo imenikaa kooni hadi leo.

Baada ya siku tatu Shemeji akapata ujumbe wako wa kuvunja uchumba. Nadhani hujui yaliyofuata, maana hukutaka kuambiwa. Alikuja nyumbani kumwuliza Mama amekosa nini. Mama alifungua mlango upana wa kiganja, akamwambia aiulize nafsi yake. Gauni alilomshonea Mama kwa ajili ya harusi yenu likarudishwa likiwa limefungwa kwenye gazeti, na aliyelipeleka ni mimi. Wateja wake wawili wakubwa walichukua vitambaa vyao vikiwa havijakatwa. Wanawake waliokuwa wakishinda kwake kupiga soga wakakumbuka ghafla kwamba wana kazi majumbani. Mpiga picha naye hakuna aliyemwuliza. Ni mtu wa kimya, anaishi na mama yake mgonjwa, na watu walipomteta nadhani alifikiri wanamsema kwa jambo jingine.

Mimi nilikuwa nayatazama yote hayo nikiwa nimekaa juu ya ukweli. Sasa nipige moyo konde niandike, nisije nikaichana na hii.

Kaka, jozi zilikuwa mbili.

Yule mwagizaji hauzi jozi moja. Unachukua mbili au unaondoka mikono mitupu. Ya pili niliiweka juu ya kabati, nikajiambia ni akiba ya Shemeji, ya kwanza ikilika namvalisha hiyo. Kiapo chako kilikuwa bado salama. Miezi miwili baada ya wewe kuondoka akaja muuguzi wa zahanati ya ng'ambo ya mto, na baiskeli yake nyeusi, kutengenezewa breki. Akayaona kule juu. Akaniambia fundi mwenye jicho kama langu hajamwona, na kwamba duka hili limepotea njia, lilitakiwa liwe kwenye mji mkubwa. Mimi nikisifiwa, Kaka, huwa najaa upepo kuliko tyubu. Nilimfungia siku ile ile. Nikajifariji kwamba ng'ambo ni mbali, nani atayaona yote mawili mahali pamoja.

Kwa hiyo uliponiuliza, sikuwa nimesahau. Nilimkumbuka yule muuguzi kabla hujamaliza swali. Lakini niliona aibu kukwambia kwamba nilikuapia uongo, aibu ya kitoto kabisa, nikachagua kukudanganya tena ili usijue kwamba nilikudanganya. Ulipokata simu nilijiambia nitakupigia jioni. Jioni nikasema kesho. Ujumbe wako ulipotoka nikasema sasa nimechelewa, nikiongea nitaonekana mbaya zaidi. Nimeonekana mzuri kwa miezi mitano, na sijawahi kujichukia hivi.

Alhamisi iliyopita, alasiri, Shemeji aliingia dukani akiikokota baiskeli. Hakuwa amekanyaga hapa tangu uvunje uchumba. Alinisalimia kwa adabu yake ile ile, na iliniuma kuliko angenitukana. Akaomba nimvalishe matairi meusi. Alisema amechoka kutambulika. Nikaipindua baiskeli, nikaanza na la mbele. Yalikuwa safi, Kaka. Pamoja na yote hayo, alikuwa bado anayasugua.

Nimeshalitoa la mbele, anaingia yule muuguzi na pancha. Maskini hana habari ya lolote, anacheka tangu mlangoni. Alipoyaona yale matairi akafurahi, akamwambia Shemeji kumbe wao ni mapacha, na akanilaumu kwa utani kwa nini sikumwambia. Akaniomba niharakishe, kwa sababu mama wa mpiga picha anamsubiri. Anakwenda kumsafisha kidonda cha mguu kila siku saa kumi, akasema, mwezi wa saba sasa, na kile kidonda hatimaye kinaanza kufunga.

Nilitamani sakafu ipasuke inimeze. Niliziba ile pancha, gundi ya solusheni ikanimwagikia gotini, na muuguzi akaondoka akipiga kengele. Kesho yake saa kumi nilikwenda kusimama nje ya benki nikatazama upande wa nyumba ya mpiga picha. Kutoka pale fremu haionekani, inafichwa na kona ya ukuta. Kinachochungulia ni gurudumu la nyuma tu, na muuguzi huwa anafika kwa kijia cha mtoni, hapiti mtaani.

Lakini siku ile dukani, muuguzi alipoondoka, Shemeji hakupaza sauti. Aliniuliza kama wewe uliwahi kuniuliza habari za matairi haya, nikamwambia ndiyo. Akaniuliza nilikujibu nini, nikamwambia na hilo, macho yangu yakiwa kwenye spana. Akanitaka nilirudie swali lako neno kwa neno. Nikalirudia. Akakaa kwenye benchi la wateja, akaniambia nimalize kazi. Mimi machozi yananitoka nafunga tairi jeusi. Nikamwahidi kwamba nitakuandikia, kwamba ukishajua utakuja mbio, utamwangukia, harusi itakuwepo, na mimi nitakaa jikoni nioshe vyombo vya wageni wote. Alinisikiliza hadi nikaishiwa maneno. Akasema niandike, na nianze kwa kumwambia Mama.

Mama nilimwambia jioni ile ile. Hakunigombeza. Aliomba viatu vyake, akaenda kwa Shemeji kwa miguu na lile goti lake, akakataa nimsindikize. Alirudi macho mekundu. Tangu siku hiyo ananiwekea chakula mezani na kuondoka, nakula nikitazamana na ile picha ya babu. Rafiki yako wa benki pia nimemwendea. Alibishana kidogo, lakini jana nimesikia amekwenda kumtaka radhi Shemeji mbele ya wateja waliokuwepo. Muuguzi nimemwomba mwenyewe awaeleze watu wa mtaa, na ameeleza, kwa hasira ambayo nilistahili.

Limebaki neno la Shemeji kwako. Alinipa akiwa amesimama mlangoni, ameshika usukani, na amenitaka nisiongeze wala nisipunguze. Alisema nikwambie kwamba uongo wangu ameuelewa, mimi ni mwoga na amenijua hivyo siku zote. Asichokielewa ni kwamba ulikuwa na swali, ukampigia fundi ukamwuliza habari za matairi. Nambari yake yeye unayo, na ungemwuliza angekujibu. Hana hasira tena, alisema, ila usimpigie sasa kumwuliza lolote, kwa kuwa huna tena cha kumwuliza. Kisha akapanda baiskeli yake akaenda, na kwa mara ya kwanza alipita mtaani pasipo mtu kugeuka.

Sikuandika hayo ili tugawane kosa. Kosa ni langu, nililifanya kwa mdomo wangu na nikalilinda kwa miezi mitano. Siombi unisamehe leo. Nilichotaka ni usiendelee kuamini kwamba ulisalitiwa na yeye, wakati aliyekusaliti ni mtu wa damu yako, anayekuandikia kwa mikono inayonuka solusheni.

Mahali hapa kwenye barua zangu huwa naandika kwamba Mama anakusalimu sana. Leo nilimwuliza nikupe salamu gani. Akanijibu kwamba hata yeye hakumwuliza yule binti kitu, kwa hiyo nisimwandikie salamu zozote, atakupa mwenyewe siku atakayojua la kusema.

Ukae salama, na ukitunze kifua.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi.